Kuku wa Daktari Lwitiko

Nilirudi kutoka kufundisha shuleni nikakuta kuku amefungwa kamba mlangoni. Mume wangu, Boazi, amekaa kwenye kigoda, hanitazami.

"Wa nani?"

"Wa Daktari Lwitiko. Wa suluhu."

Hapa Itaka ukishapokea kuku wa suluhu, shauri limekwisha. Boazi alijua, na bado alipokea. Wiki tatu kabla, daktari huyo alimchoma Tumpe, binti yetu wa miaka minne, sindano ya kwinini takoni. Tangu siku hiyo mguu wake wa kulia unaburuta vidole.

Nilimbeba Tumpe mgongoni, nikamshika kuku mkononi, nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Yonasi. Daktari alikuwa hapo anakunywa chai.

"Karibu, Mama Tumpe," akasema. "Mambo haya tunayamaliza kijamaa. Sisi madaktari tunapenda suluhu. Mkitupeleka mahakamani, nani atathubutu kushika sindano?"

"Suluhu hata mimi naipenda. Andika kwenye kadi hii ya Tumpe kwamba sindano iligusa mshipa wa fahamu. Hospitali ya Mbeya wanataka barua yako, wajue wanatibu nini."

"Suluhu haiandikwi, mama. Nikiandika nimejishtaki."

"Kwa hiyo mtoto awe kilema ili wewe usijishtaki?"

"Mwalimu, punguza sauti," Mzee Yonasi akasema. "Mumeo amekwishapokea."

"Boazi hakuzaa mguu huu peke yake!"

Nikamweka kuku mapajani mwa daktari. Chai ikamwagika kwenye suruali yake.

"Huyo amerudi. Shauri liko wazi. Jumatatu nipo Mahakama ya Mwanzo, na mtoto atatembea mbele ya hakimu."

Daktari alimtazama balozi. Balozi aliangalia nje. Daktari akatoa kalamu, akaandika, akanipa kadi. Nikasoma: udhaifu wa mguu kutokana na homa.

"Homa ndiyo iliyoshika sindano? Andika upya."

Akakata mstari. Akaandika: baada ya sindano ya kwinini, tako la kulia.

"Tia sahihi."

"Mama Tumpe, jamani..."

"Sahihi, daktari. Na barua ya Mbeya."

Alipomaliza kutia sahihi kadi na barua, Mzee Yonasi alisimama katikati yetu, akatushika viganja ili tupeane mkono wa suluhu. Nilivuta wangu. Lori la kwenda Mbeya lilikuwa linapakia kahawa Mlowo, na mimi nilikuwa na safari ndefu ya miguu na mtoto mgongoni.