Titiwi Amewekwa

Saa saba mchana, Jumamosi, bakuli dogo la bati lilikuwa juu ya rafu jikoni kwa Naeema, mtaa wa Kaloleni, na mvuke wa wali ulikuwa bado unatokea chini ya kifuniko chake. Wali mwingine ulikuwa sufuriani. Hakuna aliyekuwa amekula.

Hadiya, bintiye, mhadhiri wa isimu, alikuwa ametoka chuoni Maseno kwa ajili ya bakuli hilo. Chakula kinachotangulia kutolewa chunguni na kufunikwa kando, wanawake wa Kaloleni hukiita titiwi, na sura nzima ya tasnifu yake ilisimama juu ya neno hilo. Wanawake wa mtaa wa Obunga hawakulijua. Mjini Sondu alimpata mwanamke mmoja tu anayelitumia, naye alikulia Kaloleni. Kiarabu hakikumpa asili yake, wala Kinubi, wala Dholuo. Sarufi nayo ilimshinda: bakuli “limewekwa”, lakini titiwi “amewekwa”, kama mtu, na wingi wake hakuna aliyewahi kuutaja. Msimamizi wake, Daktari Wechuli, hakumficha: asili isipopatikana kufikia Jumatatu, sura itolewe.

Aliwasha kinasa sauti, akakiweka mezani.

Lornah, jirani muuza dagaa wa omena, alikuwa kwenye kigoda akimenya vitunguu. “Profesa,” alisema, “umetoka Maseno yote hiyo kuja kuhoji bakuli? Iulize vizuri, isije ikakuficha kitu.”

“Nitaanza na wewe, Mama Byron. Neno titiwi ulilisikia wapi mara ya kwanza?”

“Hapa hapa jikoni. Nilikuwa nimeolewa juzi, Kiswahili yangu ilikuwa ya kuombea maji tu. Nilifunzwa ile siku ya arobaini ya mtoto.”

“Mtoto gani?”

Kisu cha Lornah kilisimama. Alimtazama Naeema, na Naeema alikuwa ametazama ukuta.

“Mama Hadiya, nisamehe,” alisema Lornah kwa sauti ya chini. “Nilidhani anajua. Si amekula hiyo bakuli miaka yote?”

Hadiya alimgeukia mama yake. Alikuwa mtoto wa kwanza. Hivyo ndivyo alivyoandika kila mahali alipoulizwa, tangu shule ya msingi.

“Mama,” alisema. “Mtoto gani?”

Naeema alijibu akiwa bado ameugeukia ukuta. Kabla ya Hadiya alikuwepo msichana mwingine. Alianza kusema mapema, na bakuli lake aliliita titiwi. Neno hilo alilizua mwenyewe, hakufunzwa na mtu. Surua ilimchukua kabla hajajua kufunga kiatu.

“Baba yako alikataza jina lake kutajwa humu ndani mpaka Mungu alete mwingine,” alisema. “Nikatii. Lakini siku ya arobaini wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa hapa, wanapika, na mimi nikachota wali wa kwanza nikamwekea, mkono umezoea. Bibi yako akaona. Akawaambia wote: jina limekatazwa, chakula hakikukatazwa. Kila mmoja kwake, wa kwanza kutoka chunguni awe wa huyu.”

“Hata kwangu naweka,” alisema Lornah. “Mwenyewe hali. Anakula yule anayefika kwa kuchelewa.”

Aliyechelewa katika nyumba hii siku zote alikuwa Hadiya. Tangu shuleni, tangu chuoni, mama yake alimshushia bakuli lile kutoka rafuni bila neno.

“Aliitwa nani?”

Naeema alikisawazisha kifuniko cha bakuli pale rafuni.

“Mama. Mwingine si alikuja? Mimi nilikuja. Mbona jina lake hamkulitaja tena?”

“Tulikupa wewe,” alisema Naeema. “Likawa lako. Yeye akabaki na jina la titiwi.”

Lornah aliweka kisu chini. Nje mtu alikuwa akipita akinadi samaki. Hadiya alinyoosha mkono kuelekea kinasa sauti ili akizime. Sura ya tasnifu, Jumatatu, Daktari Wechuli, vyote vilikuwa mbali.

“Acha,” alisema mama yake. Alikuwa amegeuka. “Hicho kidude kinasikia?”

“Kinasikia.”

“Na huko Maseno watasikiliza?”

“Ukikubali.”

Naeema alishusha bakuli kutoka rafuni, akaliweka mezani kando ya kifaa, akavuta kiti na kuketi.

“Hadiya binti Shakir,” alisema. “Wa kwanza.”

Kisha akalirudia jina hilo polepole, na taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa ikiwaka.