Mkanda wa Baba Kwenye Ukaguzi

Foleni ya ukaguzi pale uwanja wa ndege ilikuwa imekwama kwa sababu ya mama mmoja aliyesahau chupa ya maji ndani ya mkoba wake. Afisa alikuwa anamsubiri aimalize, na mama alikuwa anakunywa bila haraka. Nyuma yake kidogo binti mmoja alikuwa ameinama akimvua baba yake viatu. Mzee alimwegemea begani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa anatoa vitu mfukoni na kuviweka kwenye trei ya plastiki: funguo za nyumba, miwani, dawa ya kikohozi, na kitana ambacho hakuwa tena na nywele za kukitumia.

Binti alikuwa amemnunulia suruali ya safari yenye mpira kiunoni, laini, inayomfaa mtu wa kukaa saa nyingi kwenye kiti. Mzee aliigusa kwa ncha za vidole, akasema hawezi kwenda kumwona mjukuu wake akiwa amevaa nguo za kulalia. Akavaa ile ya kijivu aliyoshonewa enzi za kitambi chake, na kiunoni akapitisha mkanda wa ngozi nyeusi aliokuwa nao tangu ujana. Bila mkanda ule suruali haikuwa na cha kuishikilia. Shati jeupe alipigiwa pasi na binti mwenyewe asubuhi hiyo. Alianzia kwenye kola, kwa uangalifu uliomchelewesha kuoga.

Walikuwa wanakwenda kwa Mbishi. Ndilo jina alilopachikwa nyumbani kifungua mimba, na alilipata kwa jasho. Alichapwa tangu alipoanza kujifunza kusoma hadi alipoota ndevu, kisha akaondoka bila kuaga, na miaka yote iliyofuata akawa anaongea na dada yake tu. Sasa alikuwa amepata mtoto. Alimpigia dada yake simu akasema kama mzee anataka kuja, aje, na hakuongeza neno. Mzee alipopewa habari hizo aliuliza kama huko kuna baridi.

Binti mwenyewe alikuwa kitinda mimba. Mzee alipenda kuwaambia wageni kwamba huyu hakumgusa hata siku moja, hata kwa fagio. Alisema hivyo kwa fahari, na wageni wakacheka na kumwambia binti kuwa amedekezwa. Mama yao naye alikuwa akiitikia, mpaka alipofariki. Kwa kusikia maneno hayo kila mara, binti alikuwa amefika mahali pa kudhani kwamba labda siku ile ya shati, utotoni, aliiota tu.

Mikanda iliyotumika kuchapa watoto hulia ikipita kwenye mashine ya ukaguzi. Wasafiri wote wanalijua hilo, na ukutani kuna bango linaloeleza utaratibu, kati ya picha ya mkasi na picha ya kiberiti. Mwenye mkanda anatakiwa kumtaja aliyechapwa. Akimtaja, mkanda unanyamaza, naye anaendelea na safari. Ukikataa kunyamaza, unabaki. Abiria aliyewatangulia, bwana mnene aliyevaa suti, mkanda wake ulilia kwa sauti za watoto wawili waliokuwa wakipokezana. Aliwataja harakaharaka kama mwalimu anayeita mahudhurio, akajifunga mkanda wake na kwenda kutafuta kahawa.

Mkanda wa mzee ulianza kulia kabla trei haijamezwa yote.

Afisa wa ukaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye glavu za bluu. Alisimamisha mashine, akauchukua mkanda na kuulaza juu ya meza ya chuma. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Mbishi, ya utotoni kwanza, kisha ile iliyokuwa inakwaruza wakati anabalehe, akilia huku akikataa kulia. Mzee aliisikiliza ameishika suruali yake kwa mikono yote miwili. Soksi zake zilikuwa zimetoboka kwenye kidole gumba, na binti alijilaumu kwa kutoziangalia.

"Huyo ni Mbishi," mzee alisema. "Mwanangu wa kwanza."

Sauti ya Mbishi ilikatika. Mzee akamweleza afisa kwamba wakati ule alikuwa kijana, kazi ilikuwa ngumu, na hata yeye alilelewa hivyohivyo. Afisa aliitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa amewaitikia wengine tangu asubuhi, akanyoosha mkono amrudishie mkanda wake. Hapo wakaisikia sauti ya pili, ambayo ya Mbishi ilikuwa imeifunika. Ilikuwa ndogo na haikuwa na ubishi wowote.

"Nitafua, baba," mkanda ulikuwa unasema. "Nitafua itoke."

Binti aliijua kabla haijamaliza. Siku ile mama alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, na Mbishi alikuwa shule ya bweni. Mzee alikuwa anajiandaa kwa safari ya kikazi. Binti akaona atamfurahisha akimpigia pasi shati jeupe, na kwa kuwa meza ilimzidi kimo, alipanda juu ya kigoda. Kola iliungua ikaacha alama ya rangi ya chai. Alidhani kuungua ni aina ya uchafu, kwamba sabuni itautoa, na ndicho alichokuwa anakisema muda wote mzee alipokuwa anamchapa. Mzee alisafiri na shati lingine. Aliporudi alimletea pakiti ya biskuti, akamuuliza habari za shule, na jambo hilo halikutajwa tena na mtu yeyote.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya meza ya chuma akijisikiliza. Alifurahi kwamba hakuota, na papo hapo akaona haya kwa kufurahi. Hakutaka kuombwa radhi. Alitaka tu jina lake litoke kinywani mwa baba yake, mara hii moja, hata kama ni mbele ya watu waliosimama na soksi.

"Bado mmoja, mzee," alisema afisa.

Mzee akasema ni huyohuyo Mbishi. Mkanda ukaendelea. Akamtaja Mbishi kwa jina lake la shule, halafu kwa jina la babu yake ambalo Mbishi alirithi, na mkanda ukaendelea. Afisa akamwambia kwamba mtoto huyu anazungumzia kufua, labda ilikuwa nguo, ajaribu kukumbuka. Mzee akajibu kwamba Mbishi aliharibu vitu vingi, nani atakumbuka nguo.

"Na huyu?" Afisa alimwonyesha binti kwa kidevu.

"Huyu?" Mzee alicheka kidogo, kicheko kilekile cha kuwachekea wageni. "Huyu ni mama yangu huyu. Huyu sikumgusa hata siku moja. Muulize mwenyewe."

Afisa akamgeukia binti. Kwenye kipaza sauti walikuwa wanawaita abiria wa ndege yao, na yule bwana wa suti alipita mbali akiwa na kikombe mkononi. Binti alimtazama baba yake. Hakukuwa na hila usoni mwake. Alikuwa amekwisha kusahau, kusahau kabisa, na alikuwa anamngojea amuunge mkono kama mama yao alivyokuwa akimuunga mkono. Suruali ilikuwa imemshuka upande mmoja, na shati lilikuwa limechomoka, na shingo yake ndani ya kola ilikuwa imekonda kuliko alivyoiona nyumbani.

Binti aliuliza kama mzee anaweza kupita bila mkanda. Afisa akasema anaweza, mkanda utabaki kwenye pipa pamoja na mikasi. Mzee akasema kwa upole kwamba hataingia nyumbani kwa mwanawe ameshika suruali mkononi, heri arudi. Aliposema arudi, alianza kweli kutafuta viatu vyake, na binti alijua kwamba akirudi leo Mbishi hatampigia mtu simu tena.

"Dada, naomba niuguse," alimwambia afisa.

Afisa alisogea. Binti aliinama mpaka mdomo wake ukawa karibu na ngozi ile. Ilikuwa na joto na ilinuka jasho la mzee. Akauambia maneno aliyojiambia siku ileile, mbele ya kioo, akiwa ananawa uso kabla mama hajarudi.

"Nyamaza. Hakuna aliyekuchapa. Umeota."

Ile sauti ilisema nitafua mara moja zaidi, ikashuka, ikawa kwikwi, kisha ikaisha. Afisa alisubiri kidogo kuona kama itarudi. Halafu akaupitisha mkanda kwenye mashine kwa mara nyingine, na ukatokea upande wa pili ukiwa kimya kama mkanda wowote unaotoka dukani. Akasema wapo wengi wanaofanya hivyo, na kwamba mashine haiulizi mkanda umenyamazaje. Alisema bila kumwangalia binti, akamwita abiria anayefuata.

Binti alimfunga baba yake mkanda mwenyewe. Alimchomekea shati, akampigia magoti kumvalisha viatu. Walikwenda taratibu hadi mlango wa kuingilia ndani ya ndege, wakakuta watu bado wamepanga mstari, wakapata viti viwili vya kungojea karibu na dirisha. Kabla hata hawajakaa sawasawa binti alikuwa amekwisha kujuta. Alijaribu kuikumbuka ile sauti na hakuipata. Aliikumbuka meza ya chuma, aliyakumbuka maneno, lakini yakawa yanasemwa na mtoto asiyemfahamu. Aliweka mkono kiunoni kwa baba yake, juu ya mkanda, kama mtu anayemshika mzee asiteleze, na hakikusikika kitu.

Mzee alifurahia mkono ule, akaufunika kwa wake. Alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo. Alitazama nje kwa muda, mizigo ikipakiwa, kisha akatikisa kichwa na kutabasamu kwa huruma.

"Maskini kaka yako," alisema. "Umemsikia? Alikuwa analia kama mtoto wa kike."

"Ndiyo, baba," alisema binti.