Mchanga wa Bibi Harusi

Sikugundua kwamba samaki alikuwa ameacha kuchimba. Mengine niliyaona: kwamba maji yalikuwa maangavu kuliko yalivyowahi kuwa, kwamba uchafu uliozama kati ya mawe ulivutwa kwa mpira wa kusafishia bila taabu, kwamba hata chakula alikuwa akikiacha. Hilo la chakula nililihesabu kuwa uzee.

Tangi lilikuwa la marehemu mke wangu, Asmahani. Aliliweka sebuleni kwetu, mtaa wa Cheyo, mkabala na kiti chake, akafuga humo visamaki wa Ziwa Tanganyika, wale wanaoishi ndani ya maganda ya konokono. Kaka yake alimletea kutoka Kigoma kwa treni, pamoja na mfuko wa mchanga wa ufukweni. Asmahani alipofariki alikuwa amebaki mmoja tu, jike, aliyemwita Bibi Harusi kwa sababu hakutoka nje wageni wakiwapo. Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, ndiye pekee niliyemwambia jioni kuwa nimerudi.

Mchanga ule ulinisumbua. Ukiugusa kidogo maji yanachafuka, na mpira wa kusafishia unaufyonza. Mimi ni mwalimu wa historia. Njia ya zamani ya misafara, kutoka hapa hadi Ujiji, ndiyo iliyonilea kitaaluma, na nimezoea kupima hoja kabla ya kuamua. Nikapima. Nilisoma kwamba changarawe hazivurugi maji, na kwamba mawe ya chokaa hayawadhuru samaki wa ziwa lile. Nyuma ya jiko palikuwa na nusu gunia ya changarawe nyeupe. Nikazidondoshea ndimu, zikatoa povu: chokaa. Nikazisuuza na kuzitandaza tangini. Mchanga nikaumwaga uani, chini ya mlimao.

Alasiri moja Ruaa, mdogo wake Asmahani, alikuja kutoka Isikizya anakofanya kazi. Alikuwa ameshika ndoo yenye mfuniko.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba. Ndoo ya nini?”

“Ya Bibi Harusi. Ulisema kwenye simu hali chakula. Na wewe mwenyewe nakuona shingo imebaki kama ya kuku. Mmoja wenu lazima nimchukue, na wewe ndoo haikutoshi.”

Nilicheka kidogo. Akimchukua, hata pampu ya hewa isingekuwa na sababu ya kuunguruma, na sauti hiyo ndiyo iliyobaki ndani ya nyumba.

Ruaa aliinama mbele ya kioo. Ganda la konokono lilikuwa limelala juu ya mawe, wazi pande zote, na samaki amejibanza nyuma ya kichujio.

“Mbona hachimbi?”

“Achimbe nini?”

“Shemeji, mkeo anakaa hapa kila alasiri miaka yote ile, hukuwahi kumuuliza anaangalia nini? Huyu kazi yake ni kuchimba. Anachota mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, mpaka nyumba yake izame. Dada alikuwa anaifukua kwa kijiti makusudi, ili amwone akianza upya.”

“Nilidhani anapumzika tu hapo kitini.”

“Na wewe ulikuwa wapi?”

“Chumba cha vitabu.”

“Na wapagazi wako waliokufa zamani.”

Alitia mkono majini, akatoa jiwe moja, akaligeuza kiganjani. Sauti yake ikashuka.

“Hizi si zile alizoleta Thuwaini?”

Thuwaini ni mpwa wa akina Ruaa. Katika ukoo wetu kaburi hutandazwa changarawe nyeupe, na zinazobaki hutunzwa ili kuongezea udongo unapotitia baada ya mvua. Nilikuwapo gunia lile liliposhushwa siku ya mazishi. Siku niliyolifungua tena, niliona chokaa tu.

“Zilinuiwa kaburi, shemeji,” alisema Ruaa. “Umemtandazia samaki kama tulivyomtandazia dada.”

Nililichukua jiwe lile kiganjani mwake. Nikasema, “Nipe mpaka magharibi. Asipochimba, mchukue.”

Tulimhamishia Bibi Harusi kwenye ndoo pamoja na ganda lake na maji yake. Mchanga ulikuwa bado pale chini ya mlimao, umechanganyika na majani na sisimizi. Tukauchekecha kwa chekeche la unga, tukauosha beseni baada ya beseni.

“Usitie sabuni,” Ruaa alisema. “Nakujua wewe.”

Tulitoa changarawe tangini, tukautandaza mchanga; tulipomrudisha samaki, maji yalikuwa kama ya mchele uliooshwa. Nilikaa kwenye kiti cha Asmahani, kwa mara ya kwanza tangu afariki. Ruaa alisimama na mfuniko wa ndoo mkononi. Ukungu ulipungua polepole. Ganda likaonekana, na samaki kando yake, ametulia tuli. Adhana ilikuwa karibu. Ruaa alinitazama, nami nikajifanya sikumwona.

Ndipo samaki alipoinamisha kichwa, akachota mchanga mdomoni, akausogeza umbali wa kidole, akautema. Akarudi, akachota tena.

Ruaa aliweka mfuniko sakafuni.

Ndoo tuliijaza changarawe. Asubuhi tulikwenda nazo makaburini; upande wa miguuni udongo ulikuwa umetitia, tukaufunika. Kisha Ruaa akarudi Isikizya.

Siku hizi chai ya alasiri nainywa sebuleni, kwenye kiti cha Asmahani, na chumba cha vitabu nakifungua baada ya magharibi.