Kubisha Hadi Nyumbani

Siku ya pili ya likizo yao, Baba Pacha alimpa mkewe habari ya uhamisho huku akikata nyanya. Alikata vipande vyenye unene mmoja, kama ilivyo ada ya mtu aliyetumia miaka ishirini na miwili kukagua mizani za madukani, akavipanga juu ya mkate. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba wakubwa wamempa ofisi ya mji wa bara, kwamba wanahama kabla ya mwezi kwisha, na kwamba kilichobaki ni fomu tu.

"Kuna sehemu ya mwenzi pale," alisema. "Utaandika umekubali, utatia sahihi. Jumatatu naipeleka."

"Sawa," alijibu Mama Pacha, akapokea mkate wake.

Mashua waliyoikodi, wao wawili tu, mapacha wao wakiwa shule ya bweni, ilikuwa imetia nanga kwenye ghuba tulivu, tanga limekunjwa, maji yakipigapiga ubavuni. Chumba chake cha ndani kilikuwa kidogo kiasi kwamba mmoja akitaka kuvaa suruali, sharti mwenzake atoke nje. Mama Pacha alikula mkate mpaka ukaisha. Aliyemtazama asingedhani kwamba ametoka kuambiwa aache kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutengeneza meno ya bandia, katika karakana iliyo nyuma ya hospitali, yenye dirisha moja na meza ndefu iliyojaa vumbi la plasta. Kwa miaka kumi na saba alikalia kiti kile kile. Aliletewa taya la plasta la mtu asiyemjua, akaligeuza mara mbili mkononi, akasema huyu hutafunia kushoto, huyu husaga meno usingizini. Wagonjwa walioingia wameziba mdomo kwa kiganja walitoka wakicheka hata pasipo na la kuchekesha. Yeye aliwasikia kupitia ukutani, akajua kazi imekubali. Mji wa bara haukuwa na karakana ya aina hiyo. Alikuwa ameshaulizia, kimyakimya, tangu uvumi wa uhamisho ulipoanza.

Wenzake karakanani walimpachika jina la Bi Sawa. Walipomuuliza kama linamuudhi, alijibu neno lile lile, wakavunjika mbavu. Hakuwa mwoga. Alilelewa katika nyumba ambamo kila mazungumzo marefu yaliishia kwa sahani kuvunjika, na neno lile lilikuwa jepesi, lilifunga mjadala upesi. Baba Pacha hakuwahi kuvunja sahani. Alikuwa mtu mwema, wa kuchemsha chai alfajiri na kumletea mkewe kitandani; kasoro yake ni kwamba alidhani kila alichokubaliwa kimependwa. Hata kumlaumu ilikuwa taabu, maana nani aliyewahi kumwambia vingine?

Siku zilizofuata zilipita vizuri, na hilo lilimkera Mama Pacha kuliko kama zingepita vibaya. Waliogelea, walinunua mikate kwenye vijiji vya pwani, walicheza karata na Baba Pacha akashindwa bila kununa. Kila asubuhi Mama Pacha alipiga moyo konde: leo namwambia. Kila jioni maneno yalikuwa bado kooni. Siku ya tano kamba ilimponyoka Baba Pacha, ikamchuna ngozi ya kiganja cha kulia. Mkewe alimsafisha kidonda, akamfunga bendeji, na hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba siku ya kurudi nyumbani usukani, uliodai mikono miwili mizima, ulikuwa mikononi mwake yeye.

Upepo ulikuwa wa omo, unatoka kule kule wanakokwenda. Mashua ya tanga haiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Huenda mshazari kushoto, kisha ikageuka na kwenda mshazari kulia, na kwa kujongea hivyo hatimaye hufika. Huko ndiko kubisha. Mwalimu wao, mwanamke mwenye sauti kali aliyewafundisha kwa wikendi mbili, aliwakaririsha utaratibu mpaka wakauota. Aliyeshika usukani hutamka "Nabisha!" Wa kwenye kamba hujibu "Bisha!" Huyu husukuma usukani, yule huiachia kamba ili tanga lihamie upande wa pili. Hakuna kuuliza, hakuna kusita. Baba Pacha aliupenda sana utaratibu huo.

Tangu asubuhi walikuwa wamebisha mara kumi na moja. Mara za mwanzo Mama Pacha aliona haya kupaza sauti. Kufikia ya saba alikuwa ameanza kuonja utamu wake: alitamka neno moja, na mume wake akatii papo hapo.

Mchana waliukaribia mstari wa miamba uliowekewa boya jekundu. Walitakiwa kuupita wakiwa wamenyoosha, wasigeuke mpaka boya libaki nyuma. Baba Pacha aliketi ameshika kamba kwa mkono mzima, uso umepambazuka.

"Jumatatu nitawahi ofisini saa mbili," alisema. "Ile sehemu ya mwenzi nimeshakuandikia 'amekubali'. Nimekurahisishia, bado sahihi tu."

Mama Pacha aliushikilia usukani pale pale ulipokuwa. Alitazama mbele.

"Nabisha," alisema.

"Bisha!" alijibu mumewe, akaiachia kamba.

Tanga likaanza kupigapiga ovyo. Mashua, ambayo hakuna aliyeigeuza, ikapoteza mwendo na kusukumwa kiubavu kuelekea miamba. Maji yalikuwa yamebadilika rangi. Chini yake mawe yalionekana moja moja.

"Sukuma usukani! Mbona hugeuzi?"

"Vuta kamba!"

"Si umesema unabisha?"

"Vuta kamba, Baba Pacha!"

Alivuta kwa mikono yote miwili, uliofungwa bendeji ukiwamo, akiguna kwa maumivu. Tanga likashika upepo. Mashua ikalala upande, ikasita kidogo, kisha ikachomoka, na boya likapita karibu nao kiasi cha kuguswa. Bendeji ilikuwa imeloa damu.

"Umesema nabisha," Baba Pacha alianza. "Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Nimesema."

"Sasa usukani hukuusukuma kwa nini?"

"Sikuubishia upepo. Nimekubishia wewe."

Baba Pacha aliutazama usukani, kisha mkewe. Kicheko kilimpanda Mama Pacha kifuani asijue akiweke wapi.

"Kuhusu fomu?" mumewe aliuliza.

"Sitii sahihi, kwa sababu sijakubali. Ile kazi naipenda. Nikiiacha nitakuchukia, taratibu, na wewe hutajua."

Aliyasema bila kupaza sauti. Hakuna kilichovunjika.

"Siku ile mbona hukusema?"

"Sijawahi kusema."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Baba Pacha hakukasirika. Pengine ingekuwa nafuu. Alikuwa na uso ule anaokuwa nao akikuta mizani ya duka la mtu mwaminifu imekosea kwa miaka, bila nia mbaya, na wote waliopimiwa wameshakwenda zao.

"Ile nyumba ya ghorofa ya nne?"

"Sikuitaka. Ngazi zile."

"Mama yangu alipokaa nasi mwaka mzima?"

"Hilo nilikubali kwa moyo wangu."

"Rangi ya jikoni?"

"Baba Pacha, ile rangi inanitia kichefuchefu."

Ukafika wakati wa kugeuka.

"Nabisha," alisema Mama Pacha, kisha akafafanua, "Upepo."

"Bisha," alijibu mumewe, lakini safari hii alitazama kwanza mikono ya mkewe ndipo akaiachia kamba.

Walikwenda mshazari kulia, wakageuka, wakaenda mshazari kushoto. Baba Pacha alisema kwamba ile fomu ataipeleka bila sahihi, au asiipeleke kabisa, bado hajui. Na kwamba huenda akatakiwa aende peke yake, na hilo nalo hajui atalibeba vipi. Mama Pacha alimwambia hata yeye hajui. Ukuta wa bandari ulijitokeza mbali, mstari mwembamba wa kijivu.

"Na ile siku ya mvua," Baba Pacha alisema.

"Ipi?"

"Kituo cha basi. Nilipokuuliza kama utaolewa na mimi." Alikuwa akiutazama mkono wake uliofungwa. "Ulinijibu sawa."

Jibu lilimjia Mama Pacha ulimini mara moja. Lilikuwa jibu zuri, na aliamini ni la kweli. Aliikumbuka ile mvua, viatu vilivyoloa, jinsi alivyotaka basi lichelewe. Lakini aliona kwamba akimpa sasa hivi, upesi upesi, mume wake hatakuwa na njia ya kulitofautisha na lile la ghorofa ya nne. Moyo ulimuuma kwa ajili yake kuliko ulivyowahi kumuuma.

"Ngoja nifikiri vizuri," alisema.

Baba Pacha aliitikia kwa kichwa. Bandari ilikuwa imeanza kuonekana waziwazi, nguzo za gati na watu waliosimama juu yake, lakini yeye hakugeuka kuitazama. Alimtazama mkewe, akangoja.