Komeo la Nerisa

"Alirudi au hakurudi?" Ritha aliuliza kutoka mstari wa pili, kabla hata umande haujakauka kwenye majani.

"Tulia wewe," Hilda alimjibu. "Kreti ya kwanza haijafunikwa chini, unataka mwisho?"

Wanawake wakacheka. Mikasi ililia kati ya mizabibu, na vishada vikashuka kimoja kimoja. Mavuno yalikuwa yamefika Makutupora, na kila asubuhi kundi hili la wakataji lilianza kazi kwa swali lile lile: jana Nerisa alifanya nini? Wengi walitoka vijiji vya mbali na kulala kwenye mabanda ya shamba, ambako umeme haujafika. Hilda alikuwa na nyumba yake jirani, na kila jioni alikwenda kwa Mama Joha kutazama ile tamthilia ya kutoka ng'ambo, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Asubuhi aliwasimulia wenzake huku anakata.

Ernest, msimamizi wao, alishakata tamaa ya kuwazuia. Lalamiko lake lilikuwa moja: hadithi ikipamba moto, macho yanahama, na vishada vibichi vinaingia kwenye kreti pamoja na vilivyoiva. "Leo Nerisa asilie sana," aliwaambia mara nyingi. "Jana kalia, mmenikatia zabibu za kijani." Hata hivyo alimpanga Hilda mstari wa katikati ili pande zote zisikie, na yeye mwenyewe hakukosa shughuli karibu na mstari huo.

Hilda alikuwa na sharti lake, na alilishika kama wengine wanavyoshika Kwaresima. Haongezi, hapunguzi. Umeme ukikatika katikati ya sehemu, kesho yake aliwaambia, "Hapo sikuona," na wakabaki na kiu yao. Wala hakusema yeye anaonaje. Kazi yake ilikuwa kuleta kilichoonyeshwa, wao wapime wenyewe.

Leo sharti hilo lilimwia gumu, na sababu ilikuwa Anyesi.

Anyesi alikuwa anakata upande wa pili wa waya unaobeba mizabibu, uso kwa uso na Hilda. Alikuja mwanzoni mwa msimu kutoka Kibakwe, na mfuko mmoja wa nguo, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimefungwa kitambaa. Kidole kilipona lakini hakikunjiki tena. Alikishika kishada kwa vinne, na hicho cha tano kikabaki kimenyooka pembeni, kama kinamwelekeza mtu njia. Hilda alimpa nafasi chumbani kwake. Alipomuuliza kuhusu kidole, binti alisema tu, "Ni mlango, mama." Habari za mumewe, Elieza, hakuzitia mdomoni kabisa. Za Nerisa alizisema asubuhi na jioni. Nerisa alikosa nini? Kwani Nerisa hana kwao? Yule mumewe mwenye farasi, akilia vile, analia kweli? Hilda hakuhitaji kuambiwa wanamzungumza nani.

Kisha wiki hii simu ikapigwa. Elieza anakuja Jumamosi kumchukua mkewe, na baba yake mdogo, Mzee Obedi, anafuatana naye kuomba msamaha, kama desturi inavyotaka. Jumamosi ndiyo leo. Na tamthilia ilikwisha jana.

"Mimi siendi kutazama," Anyesi alikuwa amesema jana jioni, amekaa kitandani. "Utanisimulia shambani pamoja na wengine. Nikishasikia mwisho wake, nitajua la kumjibu Elieza." Aliisema kama mzaha, ila hakucheka.

Hilda alikwenda peke yake. Sehemu ile ilipokwisha, Mama Joha alilia kwa furaha hadi akafutia machozi kwenye kitambaa cha meza. Hilda alitoka bila kuaga vizuri. Alikuwa na hasira hata akafika nyumbani amevaa kandambili za Mama Joha.

Sasa alifuta mkasi kwenye khanga, akaanza.

"Mnakumbuka Nerisa alitorokea dirishani, kwa sababu yule bwana alikuwa anamfungia chumbani. Komeo liko nje ya mlango."

"Tunakumbuka!"

"Basi jana bwana akamfuata hadi kwa dada yake. Yuko juu ya farasi, kabeba maua, mvua inamnyeshea. Akapiga magoti kwenye tope na suti yake nyeupe."

"Suti nyeupe!" Ritha alisikitika. "Atafua nani?"

"Akasema, Nerisa, bila wewe mimi si mtu. Dada yake Nerisa akalia. Mpaka mpishi akalia. Nerisa akasimama mlangoni, kimya."

Mikasi ilikuwa imenyamaza mistari yote. Ernest aliinama kuangalia bomba la maji ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Ilikuwa rahisi kusema hakurudi. Nani angejua? Hilda alimpenda binti huyu, na aliogopa sana kumwona akipanda pikipiki ya Elieza kurudi Kibakwe. Neno lilishafika kwenye ulimi. Akamtazama Anyesi kupitia majani, akaona macho yanayomngojea yeye tu, na akajua hawezi. Uongo binti aliupata wa kutosha huko alikotoka.

"Alirudi," Hilda alisema.

Vigelegele vikapanda shamba zima. "Mapenzi hayo!" Ritha alipiga kelele. "Mwanamume akulilie mbele za watu, utataka nini tena?" Mtu akaanza wimbo wa harusi. Anyesi hakupiga kigelegele. Mkononi alikuwa na kishada cha kijani, kigumu, alichokikata bila kukitazama, na hakujua akiweke wapi.

"Ngojeni," Hilda alisema. Kisha kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu hakuna aliyengoja: "Ngojeni kwanza! Hicho ndicho kilichoonyeshwa. Sasa nasema langu. Sikuupenda mwisho ule."

Wimbo ukakatika. Hawakuwa wamemzoea hivyo.

"Da Hilda, ni tamthilia tu," Ritha alisema.

"Ni tamthilia, nami nina ruhusa ya kuichukia. Walituonyesha maua na farasi, na machozi ya kujaza ndoo. Mimi nilikuwa naangalia nyuma yao. Wameingia nyumbani, wamepanda ngazi, muziki unapigwa, wakapita kwenye ule mlango wa chumba. Komeo lipo. Halijatolewa, halijahamishwa, liko pale pale nje. Kaomba msamaha kwa mdomo, kwa magoti, kwa suti. Bisibisi hakushika."

Upande mmoja mkasi ukaanza kulia, halafu mwingine. Anyesi alikigeuza kile kishada cha kijani, akakiweka chini kwenye shina, akaendelea kukata.

Pikipiki ilisikika mchana, wakati wa kupima kreti. Elieza alikuwa kijana mwembamba, mtanashati, shati limepigwa pasi, na chini ya kwapa amebana kitenge kipya. Mzee Obedi alishuka nyuma yake akijinyoosha mgongo.

"Mbukwenyi," mzee alisalimu kwa Kigogo.

Anyesi alinawa mikono kwenye dumu, akaja, akapiga goti. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwa unyenyekevu. Mwenzio amekosa, na amekiri mbele yangu."

Hilda alisimama kando ya mizani na mkasi wake mkononi, na hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke. Elieza alitaka kusema, sauti ikamvunjika, machozi yakamtoka kweli. Hilda aliyaona na yakamtisha kuliko ngumi, kwa sababu hata yeye alimhurumia.

"Yule mama wa nyumba ya jirani anakuulizia kila siku," Elieza alisema. "Kuku wako wametotoa. Anyesi, bila wewe nyumba haikaliki."

Anyesi alikitazama kitenge. Kilikuwa kizuri, cha rangi anazopenda. Akapitisha kiganja juu yake, na kidole kisichokunjika kikabaki hewani.

"Elieza," alisema taratibu, "lile komeo umelitoa?"

Hilda alisogea karibu zaidi.

"Komeo gani?" Mzee Obedi aliuliza.

Elieza alitazama matairi ya pikipiki.

"Elieza. Mtoto anaulizia komeo gani?"

"La chumbani, baba mdogo," Anyesi alijibu kwa niaba yake. "Liko nje. Siku ile nilitia mkono mlangoni kabla hajalifunga." Hakulia. Alikiviringisha kitenge vizuri, akamrudishia mumewe kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu. "Nenda ukalitoe. Baba mdogo aone kwa macho yake, ayaguse hata matundu ya misumari. Kisha mimi nitafikiri. Sisemi nitakuja. Nasema nitafikiri."

Mzee alikuwa anakiangalia kile kidole.

"Mniwie radhi," Anyesi alisema. "Mstari wangu haujaisha."

Akarudi shambani. Hilda alimfuata, akachukua nafasi yake upande wa pili wa waya. Huko nyuma pikipiki ilikuwa bado haijawashwa. Sauti ya mzee ilisikika, chini na nzito, na ya Elieza haikusikika.

Ritha, aliyekuwa mbali na mizani na hakuona kitu, alishindwa kuvumilia.

"Da Hilda! Anarudi au harudi?"

"Mwulize mwenyewe," Hilda alisema.

Ng'ambo ya majani, Anyesi alikishika kishada kwa vidole vyake vinne, akakigeuza juani upande huu na upande ule, akakiona bado kibichi, akakiachia kining'inie. Akakifuata kingine.