Ubavu Wangu na Ubavu Wake

Mume wangu alipofariki aliniachia boti ya matanga na mdogo wake. Boti nilishukuru.

Huyu shemeji watu wanamwita Msumari, kwa kuwa hajawahi kuona tatizo lisilohitaji msumari. Kazi yake kutengeneza vitanda. Boti ilikuwa yao wawili, walisafiri nayo ujanani. Sasa ilikuwa nchi kavu, uwanja wa boti, juu ya magogo, nami nalala humo kwa sababu sina kwingine. Kiangazi kilikuwa kimekausha mbao mpaka nikikaa kunywa chai naona nje nani anapita.

"Imekufa hii," Msumari akasema. "Tuivunje, nipate mbao."

"Za vitanda?"

"Za jeneza lako, shemeji, ukipenda."

Tulikoromeana mpaka msimamizi wa uwanja akachoka. Akaamua kila mtu atengeneze ubavu wake, mimi kushoto, yeye kulia, kisha boti ishushwe majini. Ambaye ubavu wake utashindwa kuzuia maji aondoke, boti abaki nayo mwenzake.

Nilifanya kama alivyokuwa akifanya marehemu. Nikasokota pamba, nikaishindilia kwenye nyufa kwa patasi butu, bila kuikaza sana, juu nikapaka lami laini. Mbao kavu zikiingia majini zinavimba, lazima uziachie nafasi. Nilimwambia Msumari hivyo, tena kwa sauti ya kawaida, na shahidi wangu ni msimamizi.

"Kapike," akanijibu.

Akajaza nyufa zake gundi ile inayoganda kama jiwe, akapiga msasa, akapaka rangi. Ubavu wake ukang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Wangu ulifanana na mimi.

Kreni ikaishusha boti, mikanda ikaachwa chini ya tumbo isije ikazama. Upande wangu ukavuja kama kikapu. Wake mkavu. Msumari akaanza kunitolea godoro.

"Rudisha hilo," nikasema. "Mbao zangu bado hazijashiba."

"Wewe je, maji hayo hayajakutosha?"

Msimamizi akasema tungoje. Baada ya siku chache mbao zangu zikavimba, zikaibana pamba, tone halikuingia. Zake nazo zilivimba, ila hazikuwa na pa kwenda. Tukasikia pa! Kisha pa! nyingine. Zilisukumana mpaka zikavunja mataruma, zile mbavu za ndani, na ubao mmoja ukachomoka.

"Pampu, shemeji! Pampu!"

"Maji yameingia kwako. Yakaribishe."

Nilisema hivyo pampu iko mkononi, maana godoro langu lilishaanza kuelea, na boti haina adabu ya kuzama nusu. Tulivuta pampu huku tunatukanana mpaka kreni ikatuinua, ikaturudisha juu ya magogo.

Basi boti ni yangu. Msimamizi akaongeza lake: aliyeharibu atengeneze ndipo aondoke. Kila asubuhi Msumari yuko pale chini, anachokoa gundi yake na kuniombea kifo. Godoro nimelihamishia upande wa kulia, usawa wa kichwa chake. Akigonga, namgongea.

"Nikimaliza hapa sitaki kukuona tena," aliniambia jana.

"Hilo taruma jipya umelipinda kama mguu wa kitanda," nikamjibu. "Litoe."

Alilichungulia weee, akasonya, akalitoa. Lilikuwa limekaa sawasawa kabisa.