Ndiyo, Kapteni

Niacheni niseme, maana nimenyamaza vya kutosha, na huko kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa.

Ninafundisha Kiingereza cha mabaharia katika chuo kimoja hapa Iloilo, mji wetu wa bandari, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu ni kuwafunza vijana kupokea amri: kapteni anasema, wewe unarudia neno kwa neno, unamalizia kwa heshima, unatenda. Anayesitasita nampunguza alama. Anayeuliza maswali nampunguza zaidi. Jomel Palmares hakuwahi kusitasita wala kuuliza. Nilimpa tisini na nane kwa mia, na zile mbili nilimnyima kwa sababu tu mwalimu hapendi kumaliza alama zote.

Mwezi wa pili mwaka huu Jomel, ambaye alikuwa ameshakuwa ofisa wa tatu, alikuwa zamuni kwenye meli ndogo ya mafuta. Kapteni Sorongon akaamua kukata njia kati ya kisiwa na mwamba ili awahi fiesta, sikukuu ya mji wao. Meli ile ilihitaji maji ya kina cha mita sita. Ramani iliyokuwa mbele ya Jomel ilionyesha nne. Kapteni akatoa amri ya kugeuza, Jomel akairudia bila kosa. Kisha kapteni akauliza, kwa Kiingereza, "Kina kinatosha, sivyo?" Jomel akajibu, "Ndiyo, Kapteni." Yote yamerekodiwa. Dakika kumi na moja baadaye meli ilikuwa imekaa juu ya mwamba, tumbo limepasuka.

Dada yangu mkubwa, Manang Luding, anafuga chaza ng'ambo ya mwamba huo. Nilipofika alikuwa ndani ya mikoko, mafuta mpaka magotini, anang'oa nguzo za chaza moja moja na kuzitupa. Hakunisalimu.

"Ndiye yule wako wa tisini na nane?" aliniuliza.

"Ndiye."

"Basi na mimi nipe alama, Inday. Nimepakwa vizuri?" Inday ndivyo anavyoniita, mimi mdogo wake.

Nilivua viatu nikaingia kumsaidia kwa saa tatu. Chaza wote walikuwa wamekufa. Kaa walikuwa wakijikokota kwenye mizizi ya mikoko, hawajui waende wapi.

Wiki iliyofuata mkuu wa chuo aliniita. Wizara ilikuwa inataka utafiti wa haraka: ajali imetokana na nini, na vyuo vifundishe nini. Mkuu jibu alikuwa nalo tayari.

"Andika kwamba Kiingereza chao ni dhaifu, tuongeze kozi ya wiki nane," alisema. "Kijana hakuelewa swali."

"Alilielewa, Mkuu. Huyo namjua."

"Mwalimu Perla, wewe fanya utafiti. Matokeo tutayazungumza."

Utafiti niliufanya kwa hasira, na nawaambieni, hasira ikipewa kazi huifanya sawasawa. Chuo kina chumba chenye usukani wa kweli na skrini zinazoigiza bahari. Nikawaingiza wanafunzi arobaini, mmoja mmoja. Ofisa mmoja mstaafu alivaa sare kwa ombi langu, akawaamuru wageuze meli kuelekea mwambani, ramani ikiwa wazi mbele yao, kisha akawauliza, "Kina kinatosha, sivyo?" Thelathini na sita walijibu ndiyo, kwa matamshi mazuri sana, wakagonga mwamba. Wanne tu walisema, "Hapana, Sir, hapa hatupiti."

Nikayatafuta majina ya hao wanne kwenye daftari langu. Wawili nilikuwa nimewafelisha na wawili walipenya kwa tabu. Kando ya majina yote manne nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: mbishi.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Lugha wanaijua. Tulichowanyima ni ruhusa ya kumwambia mkubwa kwamba amekosea, na hilo kwetu halianzii chuoni. Mtoto anayemrudishia mkubwa neno anaambiwa hana haya, na mama yake anaulizwa alimlea vipi. Sisi walimu tunampokea akiwa ameshafundwa hivyo, tunamwongezea Kiingereza juu yake, tunamkabidhi meli yenye shehena ya mafuta. Niliandika kurasa sitini. Mkuu alizisoma, akazifungia kabatini. Nakala nikampelekea wakili wa chama cha mabaharia bila kumwomba mtu ruhusa.

Wakili hakunificha kitu. Bodi inayochunguza ajali ingekaa Ijumaa. Kampuni ya meli ingesema kijana hakuelewa swali la kapteni. Bodi ikikubali, Jomel ananyang'anywa cheti moja kwa moja na Sorongon anarudi melini.

"Lakini akisema kwamba aliiona ile nne na akaogopa kuitaja, na aseme aliogopa nini, hapo utafiti wako una kazi," aliniambia. "Bodi itabidi imgeukie kapteni. Kijana atasimamishwa miezi michache, basi. Ila aseme mwenyewe. Makaratasi hayawezi kumsemea."

Alhamisi nikaenda kwa kina Jomel, Oton. Mama yake alileta ibos, wali wa kunata uliofungwa kwa majani, na kahawa, akaketi nasi. Nilikuwa nimeshamwandikia Jomel maneno yote ya kusema, ukurasa mzima, na nikamsomea polepole kama niko darasani. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kesho utayasema haya, sivyo?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

Mvua ilikuwa inanyesha. Alinisindikiza mpaka njiani akinishikia mwavuli, yeye akilowa. Na mimi, niliyetoka kuandika kurasa sitini juu ya ndiyo ya namna hiyo, nilirudi nyumbani nimeridhika, nikalala vizuri.

Ijumaa chumba kilijaa. Sorongon alikaa mbele amevaa shati jeupe la sherehe, mikono imekunjwa. Mwanasheria wa kampuni alikuwa na sauti ya upole kuliko watu wote mle ndani.

"Bwana Palmares, kapteni alipokuuliza kuhusu kina, hukumwelewa vizuri, sivyo? Kiingereza kilikutatiza."

Jomel alimtazama Sorongon. Kisha akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kama mwendawazimu, hapana, hapana, hata mjumbe mmoja wa bodi akanikodolea macho.

"Ndiyo, Sir," Jomel alisema, kwa Kiingereza kisicho na doa hata kimoja.

Walimaliza kabla ya chakula cha mchana. Cheti kikabaki mezani kwao. Nilimfuata Jomel nje nikamshika mkono kwenye ngazi, na sikujali nani ananisikia.

"Umejichimbia kaburi," nilimwambia. "Umewaambia wewe ni mjinga, na wewe si mjinga. Dada yangu anatapika mafuta huko, na yule mzee anakwenda kula."

"Ni baba yangu wa ubatizo, Mwalimu. Yeye ndiye aliyenitoa shambani. Ndugu zangu wawili wako kwenye meli yake. Nimwaibishe mbele ya watu?"

"Na mimi je? Jana uliniambia ndiyo."

Aliinamisha kichwa. "Jana ulikuja na karatasi imeshaandikwa, Mama ameketi pale. Ulitaka nikujibu nini?"

"Nilitaka ukweli."

"Hukuuliza ukweli, Mwalimu. Uliniuliza kama alivyoniuliza yeye."

Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kurudi ndani nimzabe Sorongon, halafu mwanasheria, halafu niende chuoni nikavunje lile kabati. Badala yake nikafanya ninachokijua: nikafungua mkoba, nikatoa kalamu.

"Tutakata rufaa," nilisema. "Barua naiandika mimi leo hii. Wewe utatia sahihi tu."

Aliibana mikono nyuma ya mgongo kama wanavyosimama gwaride.

"Hapana, Mwalimu," alisema.

Nilisubiri aongeze samahani. Hakuongeza. Alishuka ngazi, akavuka barabara, nikabaki nimeshika kalamu. Neno ambalo lingeokoa meli nzima hatimaye lilikuwa limemtoka, na aliyestahili kuambiwa wa kwanza, tangu siku ile ya kwanza darasani, nilikuwa ni mimi.